Jina la Biashara Yako Kwenye Intaneti Ni Mali ya Nani?

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha kazi na kujitegemea. Wiki zilizopita tumesikia habari za ushonaji, ufugaji wa kuku na ufundi wa simu. Mgeni wetu wa leo anafanya kazi ambayo huioni ukipita barabarani. Yeye na mwenzake wanatengeneza tovuti, katika chumba kimoja hapa mjini. Tumemwomba atueleze kazi hiyo inaendaje, na hasa mwenye zahanati, nyumba ya wageni au chama cha akina mama ajue nini kabla ya kumlipa fundi kama yeye. Karibu sana, kaka.

MZUNGUMZAJI: Asante dada. Salamu kwa wasikilizaji wote.

Naanza na swali ninaloulizwa karibu kila wiki. Mtu anaingia, anakaa, anakunywa maji, halafu anasema: "Fundi, mimi nina Facebook, nina WhatsApp, na wateja wananipata. Tovuti ya nini?" Ni swali la haki, na jibu langu si kila mara "nipe kazi". Mama anayeuza nyanya na samaki wakavu Konyo Konyo hahitaji tovuti. Anahitaji simu inayopatikana na wateja wanaomwamini. Nikimuuzia tovuti nitakuwa nimemwibia. Fundi wa pikipiki kule Custom naye ni hivyo hivyo, mteja wake anafika akisukuma pikipiki yenyewe.

Lakini yuko mwenye nyumba ya wageni Hai Malakal. Yuko mwenye malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba, Kampala na Elegu hadi Nimule. Iko zahanati, iko shule, kiko chama cha akina mama kinachouza asali na mafuta ya shea. Hawa mteja wao mara nyingi hayuko Juba. Yuko Nairobi, Kampala, Dubai, au ofisini Ulaya, na kabla hajapiga simu anaandika jina lako kwenye Google aone kama upo kweli. Asipoona kitu, au akiona ukurasa wa Facebook ambao mara ya mwisho uliandikwa "Heri ya Krismasi 2021", anapiga simu kwa mwingine. Wewe huna habari kwamba ulikuwa na mteja na umempoteza.

Sasa hiyo Facebook. Mnakumbuka Januari 2025. Video za mauaji ya ndugu zetu katika jimbo la Gezira, Sudan, zilisambaa, hasira zikapanda, maduka ya Wasudani yakavamiwa hapa kwetu, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Tarehe 22 Januari Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ikaagiza kampuni za simu zifunge mitandao ya kijamii, Facebook na TikTok zikiwemo, kwa muda unaoweza kufika siku 90. Bahati nzuri amri iliondolewa tarehe 27 mwezi huohuo. Sitajadili hapa kama amri ilikuwa sawa au la, wako wanaojua zaidi yangu. Nazungumza kama mfanyabiashara. Aliyekuwa ameweka duka lake lote ndani ya Facebook, picha, bei, namba ya simu na majina ya wateja, alikaa siku hizo bila duka. Na alipolala ile siku ya kwanza hakujua kama ni siku tano au ni tisini.

Jambo hili si la Facebook tu. Machi 2018 serikali ilisimamisha leseni ya Vivacell. Wafanyabiashara waliokuwa wamechapisha namba ya Vivacell kwenye kadi, kwenye kibao cha mlangoni na kwenye ubavu wa gari walijikuta wana namba isiyoita. Mwenye tovuti yake mwenyewe anabadilisha namba mahali pamoja, kazi imekwisha. Ndiyo faida ya kwanza ya tovuti, na mimi naiona kubwa kuliko uzuri wa rangi na picha zinazocheza. Ni anwani yako ambayo haihami kila kampuni ya simu au mtandao wa kijamii unapopata matatizo.

Lakini faida hiyo iko kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonileta hapa leo. Anwani hiyo iwe yako kweli.

Nieleze taratibu. Tovuti ina vitu vitatu. Kwanza ni jina, lile linaloishia na .com au .org au .ss, ambalo mafundi tunaliita domeni. Pili ni nafasi kwenye seva, kompyuta kubwa iliyo mahali fulani duniani ambako kurasa zako zinakaa. Tatu ni kurasa zenyewe, yaani maandishi na picha. Fikiria kibanda sokoni. Jina ni hati ya kiwanja, seva ni kiwanja, na kurasa ni kibanda na bidhaa. Kibanda kikibomoka utajenga kingine wiki moja. Hati ikiwa kwa jina la mtu mwingine, una nini?

Hapa Juba nimeona jambo hili mara nyingi mno. Mwenye biashara hana kadi ya benki inayokubalika kulipa nje ya nchi. Fundi anayo, au ana rafiki Kampala mwenye kadi. Basi fundi analipia jina kwa kadi ya rafiki, kwa barua pepe yake mwenyewe fundi, na kwenye sehemu ya mwenye mali anaandika jina lake kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwaka unapita salama. Mwaka wa pili fundi amepata masomo nje, au amerudi kwao, au wamegombana juu ya fedha. Taarifa ya kwamba jina linakwisha inatumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Asubuhi moja mteja anampigia mwenye zahanati: "Daktari, mbona tovuti yenu inaonyesha matangazo ya kamari?"

Zahanati moja ilinijia ikiwa katika hali hiyohiyo. Sitaitaja wala fundi wao simtaji. Jina lao lilikuwa limekwisha, likapita muda wa kulikomboa, likanunuliwa na watu wa mbali ambao kazi yao ni kukusanya majina yaliyoachwa. Walikuwa tayari kuliuza kwa bei ambayo ingelipa mshahara wa muuguzi kwa miezi kadhaa. Na barua pepe zote za zahanati zilikuwa juu ya jina hilo. Matokeo ya vipimo, maagizo ya dawa, mazungumzo na wafadhili, vyote vilikuwa vinapita kwenye anwani ambayo sasa ina mwenyewe mwingine. Tulianza upya na jina jipya. Kazi ngumu haikuwa kujenga kurasa. Ilikuwa kuwaandikia watu wote kuwaambia wasitume tena kitu cha siri kwenye anwani ya zamani.

Jina la .com halipotei siku ileile linapokwisha. Kampuni nyingi zinazouza majina zinakupa siku kadhaa za kulipa kwa bei ya kawaida, nyingine hadi zipatazo 45. Baada ya hapo huja siku 30 ambazo bado unaweza kulikomboa, lakini kwa ada kubwa. Halafu siku 5 ambazo hakuna la kufanya ila kungoja, kisha jina linaachiwa na yeyote analichukua. Kwa hiyo aliyepoteza jina lake amepitiwa na wiki nyingi za maonyo. Tatizo ni kwamba maonyo yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine.

Dawa yake si ghali. Mwambie fundi: sehemu ya mwenye mali iandikwe jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Barua pepe ya taarifa iwe yako, tena isiwe ile inayotumia jina hilohilo la tovuti, kwa sababu jina likizimika na barua pepe imezimika nalo. Ongeza mtu wa pili, binti yako, mhasibu, katibu wa chama, ambaye naye anajua paswedi. Ukiweza lipia miaka mitatu kwa pamoja, maana hapa kwetu mwaka mmoja una mambo mengi. Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, si fedha ya kukufilisi. Kadi ya fundi ikitumika si neno, wewe mrudishie fedha yake na udai risiti iliyoandikwa jina lako. Kadi iliyolipa na jina la mwenye mali ni vitu viwili tofauti.

Wengi wanauliza habari za .ss, jina la nchi yetu. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na herufi hizo zilitengwa kwa ajili yetu mwaka huohuo. Wakati ule wapo waliokuwa na wasiwasi kwamba zingekataliwa, kwa kuwa SS kwa watu wa Ulaya inakumbusha askari wa Hitler. Hazikukataliwa, ila zilichukua muda mrefu kuanza kazi. Ni mwaka 2019 ndipo zilipoingizwa kwenye mfumo wa intaneti duniani. Kwa miaka yote hiyo ofisi na kampuni zetu zilitumia .org na .com, ndiyo maana hata leo nyingi bado ziko huko. Maoni yangu ni haya. Kama wateja wako ni wa hapahapa na unataka waone kwamba wewe ni wa Sudan Kusini, .ss inapendeza na inaleta heshima. Kama wateja wako ni wa nje, chukua na .com pia ukiweza, kwa sababu mtu wa mbali huandika .com bila kufikiri.

(MUZIKI MFUPI.)

Tuje kwenye tovuti yenyewe. Vijana wengi wanaoanza kazi hii wamejifunza kwa video za Marekani. Wanajenga tovuti yenye video inayojicheza yenyewe, picha zinazoteleza, herufi zinazoruka. Inapendeza sana kwenye laptopu ya ofisi yenye mtandao mzuri. Kisha mteja aliye Gudele anaifungua kwa simu yake ya bei ndogo, akiwa na bando lililobaki kidogo, umeme umekatika, na mtandao unakuja na kuondoka. Anangoja, anangoja, anafunga.

Ni kweli hali imekuwa nafuu. Zamani Juba ilitegemea sana setilaiti, na mwaka 2020 ndipo Liquid Telecom ilipotuunganisha kwa kebo kutoka mpaka wa Uganda. Lakini kebo ikifika mjini haijafika kwenye simu ya mama wa Gudele. Yeye ananunua bando, na kila picha yako kubwa inakula fedha yake.

Hesabu ni rahisi. Picha moja iliyotoka kwenye simu nzuri inaweza kuwa megabaiti 4. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, hizo ni megabaiti 40. Ukizipunguza hadi kilobaiti 100 kila moja, na kwa macho ya kawaida hutaona tofauti kwenye simu, zote kumi ni megabaiti 1. Umempunguzia mteja gharama mara arobaini kwa kazi ya nusu saa. Mimi huwa natoka nje ya chumba, naenda mpaka kwa kijana wa chai, naifungua tovuti kwa simu ndogo nikitumia bando, si Wi-Fi ya ofisi. Isipofunguka kabla chai haijamiminwa, narudi kupunguza.

Na juu kabisa, kabla ya picha, weka vitu ambavyo mtu amekuja kuvitafuta: mnafanya nini, mko wapi, namba ya simu ambayo ukiigusa inapiga, saa za kazi. "Mko wapi" hapa Juba ni sanaa yake. Nyumba nyingi hazina namba na barabara nyingi hazina jina linalojulikana. Andika kama unavyomwelekeza mtu wa boda: nyuma ya msikiti fulani, mkabala na kituo cha mafuta, geti la bluu. Kisha weka na alama kwenye ramani ya Google, ni bure. Dereva kutoka Kampala anatumia ramani, mgonjwa kutoka Munuki anatumia geti la bluu.

Kuhusu lugha, nitakuwa mkali kidogo. Tovuti nyingi za hapa ni Kiingereza peke yake, Kiingereza cha ripoti za miradi. Mwenye malori anayetafuta madereva wa Mombasa na Eldoret aandike na Kiswahili. Zahanati iweke walau saa za kazi na huduma zake kwa Kiarabu cha Juba, kwa herufi za kawaida, jinsi watu wanavyoandikiana kwenye simu. Haigharimu chochote ila dakika chache za kumuuliza anayejua.

Bei sasa, maana najua vijana wanasubiri hapo.

Desemba 2015 dola moja kwa kiwango rasmi ilikuwa pauni 2.96. Serikali ilipoiachia pauni sokoni katikati ya mwezi ule, kiwango rasmi kikaenda kama 18.5. Chukua kazi ya pauni 3,000. Kabla ya siku hiyo, kwa kiwango rasmi, ilikuwa kama dola 1,000. Baada yake ilikuwa kama dola 160. Tangu hapo pauni imezidi kushuka, na bomba la mafuta lilipopasuka upande wa Sudan mwanzoni mwa 2024 tuliona tena bei zikiruka. Fundi wa tovuti yuko pabaya kwa sababu jina na seva analipia nje kwa dola, wakati mteja analipa kwa pauni, tena baada ya miezi.

Mimi nagawa karatasi ya bei katika sehemu tatu, na mteja anaziona zote. Sehemu ya kwanza ni malipo ya nje, yaani jina na seva, kwa dola, bei ileile niliyolipa mimi pamoja na risiti. Hiyo inalipwa kabla sijafungua laptopu. Sehemu ya pili ni kazi ya mikono yangu, nusu mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi. Anayetaka kulipa kwa pauni tunaandika kwamba ni kwa kiwango cha siku ya malipo. Sehemu ya tatu ni matunzo ya mwaka: kubadilisha namba, kusasisha programu, kuweka nakala za akiba. Vijana wengi husahau hii ya tatu, kisha wanapigiwa simu usiku kwa miaka miwili bila malipo. Tena wanapigiwa na ndugu. Ndugu nao walipe, hata kama ni kidogo, na iandikwe.

Kuna fundi atakayeniambia: "Nikimpa mteja jina na paswedi zote, atanilipaje ile nusu ya mwisho?" Naelewa hofu hiyo. Lakini zuia kurasa, usizuie jina. Onyesha kazi kwenye anwani yako ya majaribio mpaka alipe, hiyo ni haki yako. Kushika jina la mtu ni kushika mlango wa duka lake kwa ajili ya deni la rangi ya ukuta.

Na wateja wenyewe wamebadilika. Kwa miaka mingi fundi wa Juba aliishi kwa mashirika. Shirika linalipa kwa dola, linachelewa, lakini linalipa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai USAID haikuwepo tena. Nawajua mafundi ambao kazi zao zote zilikuwa za mashirika mawili au matatu, na miradi ikafungwa kwa barua moja. Mimi sasa nahesabu hivi: mteja mmoja asizidi theluthi moja ya mapato yangu. Siwezi kusema nafaulu kila mwezi, ila ndiyo hesabu. Shule binafsi, maduka ya dawa, kampuni za ulinzi, makanisa, wenye malori, hawa wanalipa kidogo kidogo lakini hawafungwi na uchaguzi wa nchi nyingine. Wanaotaka bado kuuzia mashirika wawe na cheti cha usajili, karatasi za kodi, akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na barua pepe yenye jina lao wenyewe. Mtu wa manunuzi akipokea bei tatu, na yako imetoka kwenye barua pepe ya bure yenye namba mwishoni, umeanza nyuma ya wenzako.

(MUZIKI MFUPI.)

Jambo linalofuata halihusu fedha, na naomba msikilize hata ninyi msiofikiria kuwa na tovuti.

Chama kimoja kinachosaidia wanawake waliopigwa majumbani kilinipa kazi. Mkurugenzi ni mama mtu mzima, namheshimu sana. Alileta picha: wasichana wamekaa kwenye mkeka, nyuso zinaonekana, nyuma yao geti na mti mkubwa. Na chini ya kila picha jina na mahali alikotoka. Nikamwambia, "Mama, picha hizi siziweki." Akasema, "Mwanangu, wafadhili wanataka kuona sura za watu." Nikamjibu, "Mama, na yule mume aliyekimbiwa naye ana simu."

Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na geti?" Akalijibu mwenyewe. Mtu yeyote wa mtaa ule angelijua geti lile na mti ule.

Tukapiga picha nyingine. Mikono inashona. Kitambaa. Mlango kwa upande wa ndani. Majina tukayabadilisha na kuandika wazi kwamba yamebadilishwa. Mafundi wenzangu, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kama mwenye simu amewasha huduma hiyo. Huoni kwa macho, lakini mtu anayejua anasoma. Kabla ya kupandisha picha ya mtoto, ya mgonjwa, ya mtu aliyekimbia vita, futa taarifa hizo. Na ruhusa ya picha si mtu kukubali kwa kichwa huku ameshika karatasi ya mgao wa chakula. Anayepokea msaada hawezi kumkatalia anayempa. Muulize siku nyingine, kwa lugha yake, mweleze kwamba picha itaonekana Khartoum na Kampala na popote, na kwamba akibadili mawazo itaondolewa. Kisha akibadili mawazo, iondoe siku hiyohiyo. Mwambie pia ukweli kwamba huenda mtu mwingine ameshainakili.

La pili katika hilo. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuja upande wetu, na hapa kwetu kazi hakuna. Wapo wanaofanya biashara na shida hiyo. Mtu anakuja na fedha taslimu, anataka tovuti "ifanane kidogo" na ya shirika kubwa, yenye fomu ya kuomba kazi na namba ya kulipia ada ya fomu. Nimeshajiwa hivyo. Nilimwambia sina nafasi, na sikumpa jina la fundi mwingine. Msikilizaji, Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, na huduma za UNHCR kwa wakimbizi ni bure, zikiwemo za kupelekwa nchi ya tatu. Ukiona tovuti inayodai m-GURUSH au MoMo kwa ajili ya fomu ya kazi ya shirika, angalia jina juu kabisa, herufi kwa herufi. Mara nyingi kuna herufi moja imeongezwa, au .org imekuwa kitu kingine. Kisha nenda ofisini kwenyewe ukaulize.

Niseme kidogo juu ya fundi mwenyewe, maana kinyozi hajinyoi. Tovuti nyingi za mafundi wa tovuti ni mbovu. Zimejaa maneno kama "suluhisho bora za kidijitali", na picha ya vijana wa Ulaya wakicheka mbele ya kompyuta. Mteja wa Juba hajui hao ni akina nani. Weka kazi nne ulizofanya kweli, kwa ruhusa ya wenyewe, na chini ya kila moja useme ulifanya nini: hapa nilihamisha barua pepe za watu kumi, hapa nilipunguza ukurasa ufunguke kwa simu ndogo. Weka bei ya kuanzia. Wenzangu wengi wanaficha bei, mimi naona inanipunguzia watu wanaokuja kupoteza asubuhi yangu. Na ukiweka namba ya WhatsApp, jibu. Anayejibu baada ya siku tatu hana tofauti na asiyekuwepo.

Nakala za akiba nitazitaja kwa ufupi. Julai 2016, siku zile nne za mapigano, ofisi na maghala mengi mjini yaliporwa. Aliyekuwa na kazi zote za wateja ndani ya laptopu moja aliondokewa na vyote pamoja na laptopu. Nakala moja iwe nje ya nchi, kwenye seva nyingine, na moja kwenye diski anayokaa nayo mteja nyumbani kwake.

MTANGAZAJI: Kaka, muda wetu unakwenda, lakini kuna msikilizaji wa Munuki ametutumia ujumbe. Anasema fundi wake amehama, hapokei simu, tovuti bado inafunguka, lakini yeye hana paswedi hata moja. Afanye nini?

MZUNGUMZAJI: Bado hajachelewa, kwa kuwa inafunguka. Leo hii anakili maandishi yote na picha zote kutoka kwenye tovuti, hata kwa kupiga picha ya kioo cha simu. Kisha aombe mtu yeyote anayejua intaneti amtazamie kumbukumbu za usajili wa jina hilo, ziko wazi na ni bure. Mara nyingi jina la mwenye mali limefichwa, lakini ataona kampuni iliyouza na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo aiandike ukutani. Aiandikie kampuni hiyo, aambatanishe cheti cha usajili wa biashara na risiti zozote alizomlipa fundi, hata ujumbe wa simu wa malipo. Wakati mwingine wanasaidia, wakati mwingine wanasema mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Kwa sababu hiyo anunue na jina lingine linalokaribiana, kwa jina lake mwenyewe, na aanze kuwapa wateja wake muhimu anwani hiyo mpya kabla ya tarehe kufika.

Na amtafute fundi kwa upole, kupitia ndugu zake, kupitia kanisani, amwombe ahamishe jina na amwambie gharama ya kuhamisha atailipa yeye. Asianze kumtukana Facebook. Yule bado ana ufunguo.

(MUZIKI WA KIPINDI.)